Babu Aingia Jikoni

Tarehe 6 Februari

Kwa mke wangu mdogo, Ukoko,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mashuka unayofua hapo hotelini. Natumaini u mzima na kwamba zile mashine hazijakufua na wewe. Sisi huku tupo. Masikio yangu yamezidi kuziba, miaka yote ile ya kugonga chuma sasa inadai chake, ndiyo maana nimeamua kuandika. Juzi ulipopiga simu ulikuwa unauliza habari za Bibi, mimi nikakujibu bei za bati. Fundi cherehani wa hapa jirani, aliyenishikia simu, alicheka mpaka akakaa chini.

Neno lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mkono wa Bibi yako umechoka kidogo, daktari kasema apumzike. Kwa hiyo mimi, mchomeleaji mstaafu, nimeingia jikoni. Usicheke. Siku ya kwanza nilipika wali. Kwenye chuma, kazi ikichelewa unaongeza moto, basi nikaongeza. Wali ukatoka tabaka tatu: chini mkaa, katikati uji, juu mchele kama ulivyotoka dukani. Ungekuwepo ungejilia ile ya chini, maana hilo jina la Ukoko hukupewa bure, ulikwangua sufuria za nyumba hii tangu meno yako ya kwanza.

Nyumba unaijua. Mchana ukifika, anayepita mlangoni anaitwa ndani. Bibi yako hajawahi kupika chakula cha watu wawili, hata sufuria ndogo hajui inafananaje. Sasa nimemhamishia chumba cha ndani, kwenye utulivu, mlango naufunga, na majirani nimewaambia amelala. Wanaelewa.

Nieleze basi wali unapikwaje, na maharage. Nikimwuliza yeye, ananitazama tu. Anakusalimu.

Mumeo mzee,
Babu

*

Tarehe 24 Februari

Kwa mume wangu mzee, na mke mwenzangu aliyelala ndani,

Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi. Mimi ni mzima. Hoteli imejaa wageni, na mgeni akishalipia kitanda anataka shuka jeupe kama karatasi, kwa hiyo mvuke unatuchemsha kuanzia asubuhi. Mikono yangu imekuwa laini kama ya mtoto mchanga. Hiyo ndiyo faida niliyoipata.

Babu, swali lako lilinitoa jasho. Nilikaa na kalamu nikitaka kuandika wali unapikwaje, nikashindwa. Bibi hakunifundisha kwa vikombe. Alinifundisha kwa kusema "ongeza" na "acha." Na tangu nihamie huku sijawahi kuwasha jiko. Mchana tunakula kantini, jioni nanunua mkate nakula nimesimama dirishani. Usimwambie Bibi.

Basi Jumapili nikaenda sokoni kununua sufuria ili nipike nikumbuke. Mkono wenyewe ukachagua sufuria kubwa, ya watu kumi. Nikapika, nikakumbuka, halafu nikabaki natazama mlima wa wali ndani ya chumba cha mtu mmoja. Ikabidi nigonge milango ya ukumbini. Wamekuja mama wa chumba cha kwanza na binti zake wawili, na fundi saa wa chumba cha mwisho. Fundi saa kaongeza mara tatu. Alipomaliza akaosha sahani zote.

Sasa sikiliza. Osha mchele mpaka maji yawe maangavu. Maji yapite juu ya mchele kwa pingili moja ya kidole cha shahada. Chumvi, mafuta kidogo. Yakikaribia kukauka, punguza moto, funika, na uondoke. Usirudi kuchungulia. Maharage yaloweke tangu jana yake, na chumvi isubiri mpaka yalainike, la sivyo yatakuwa magumu kama misumari yako.

Ila nina swali na mimi. Ni mkono upi uliochoka? Na kwa nini Bibi anakutazama tu, mtu ambaye akiona mwenzake anamwaga chumvi huongea mpaka magharibi?

Mkeo mdogo

*

Tarehe 15 Machi

Ukoko,

Salamu zimefika na wali umeiva, baada ya misukosuko. Ulisahau kwamba pingili ya kwanza ya kidole changu cha shahada ilikwenda na msumeno kabla hujazaliwa. Nilitumbukiza kilichobaki, nikaona hakipimi kitu. Nikamwita fundi cherehani kupitia mlango wa nyuma, akaleta cha kwake. Sasa kila nikipika wali inabidi aache cherehani aje kutumbukiza kidole. Wateja wake wanalalamika.

Maharage nayo yalilainika. Nimeona kumbe kupika kunafanana na kazi yangu: haraka yako inaonekana kwenye kiungo.

Bibi yako anakula kidogo kidogo. Nieleze vyakula laini, vya kumeza bila kutafuna sana. Supu, uji, chochote. Mkono nilikwisha kukwambia umechoka, basi umechoka. Hajambo. Juzi fundi cherehani kampunguzia magauni mawili, sasa yanamkaa vizuri, kama ya msichana.

Haya, tuje kwako. Barua ya kurasa mbili, nami nimesoma habari za fundi saa mpaka nimejua anaosha vyombo. Mimi nimeishi na wewe miaka na miaka sijawahi kusikia ukimsifu mwanamume kwa kuosha sahani, hata mimi mwenyewe. Mwambie mume wako mkubwa yupo, na ana nyundo.

Babu

*

Tarehe 2 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Huku mimi ni mzima.

Uji wa Bibi upike kwa maziwa, uukoroge bila kuacha, uuchuje. Viazi vichemshe uviponde na mchuzi wa kuku. Ndizi mbivu iponde kwa uma. Hayo ndiyo uliyouliza.

Sasa niache mzaha. Mimi kazi yangu ni nguo. Naona nguo za watu kila siku, najua zinavyosema. Mtu aliyechoka mkono hapunguziwi magauni. Na Bibi hajawahi kupendezwa na gauni la kubana, alikuwa akisema nguo inayokubana inakunyima kushiba.

Niambie kweli, mume wangu. Nimeuliza mara mbili sasa. Nikipiga simu unazungumzia bati, na mara hii sidhani kwamba ni masikio.

Mjukuu wako

*

Tarehe 20 Mei

Mjukuu wangu,

Nimechelewa kujibu. Barua yako imekaa juu ya meza na kila siku nilikuwa naizunguka.

Bibi yako alipata kiharusi mwezi wa kwanza. Alikuwa anakoroga mchuzi. Mwiko ulipoanguka, hata mimi niliusikia. Nilimkuta ameketi sakafuni kaegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, na bado ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeanguka. Hospitali walimtunza vizuri, wakaturudisha nyumbani. Upande wote wa kulia umelala. Maneno anayo, naona yanavyomjaa machoni, ila hayatoki, au hutoka vipande vipande, na akisikia yalivyotoka anafumba mdomo asiseme tena.

Sikukwambia kwa sababu nilidhani atapona kabla ya barua kufika. Halafu nikadhani kabla ya barua nyingine.

Hali chakula, mjukuu wangu. Hilo ndilo linalonimaliza. Nimejifunza wali, nimejifunza mchuzi, nakaa naye kitandani na kijiko, anafumba mdomo na kugeukia ukutani. Si kwamba chakula kibaya, fundi cherehani anakila na kunisifu. Kitu kimoja tu: nikiacha kikombe cha uji pale kitandani nikatoka, nikirudi nakikuta kimepungua. Nikikaa, hakigusi. Nimekuwa kama mtu anayetega paka.

Mlango nimeufunga kwa makusudi. Mtaa mzima umekula kwa mkono wa mwanamke huyu. Waje sasa wamwone mate yanamchuruzika? Nilisema nitamsitiri. Wakibisha hodi nawaambia amelala. Siku hizi hawabishi tena.

Usiache kazi ukaja mbio. Nilitaka tu ujue.

Babu yako

*

Tarehe 3 Juni

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua niliisomea chumba cha pasi, wenzangu wakanitoa nje, wakanipa maji. Nimeomba likizo siku ileile. Msimamizi kasema hawezi kuniachia kabla ya mwisho wa Julai, hoteli imejaa. Kwa hiyo mpaka hapo nina karatasi tu, na nitasema yote humu. Kwanza, usinifiche tena. Mimi si mgeni wa nyumba hiyo.

Pili, nimefikiri kuhusu kile kikombe. Kinapungua ukiwa umetoka. Kwa mkono upi, Babu? Mkono wa kulia umelala. Basi anakunywa kwa kushoto, na hataki umwone.

Bibi ndiye aliyenichapa vidole nilipokuwa mdogo nikapeleka mkono wa kushoto kwenye sahani. Alisema mkono huo hauingii kwenye chakula cha watu. Kila mtoto aliyekula hapo alifundishwa hivyo, kama yeye alivyofundishwa na mama yake, na mama wa mama yake. Leo umebaki huo mmoja. Na kulishwa hataki, kwa sababu tangu nimjue yeye ndiye anayelisha. Kwa hiyo anaona bora njaa.

Tena, umewahi kumwona akila peke yake? Mimi sijawahi. Nami huku nimejifunza jambo. Ule mkate wa dirishani niliula miaka miwili nikidhani sina hamu ya kula. Kumbe nilikuwa sina mtu wa kumwambia "karibu." Sasa kila Jumapili ukumbi mzima unakula kwangu, na mimi nashiba.

Fungua mlango, Babu. Najua ulitaka kumsitiri, na hakuna anayempenda kukuzidi wewe. Lakini hukuyafungia maradhi nje, umewafungia watu. Mtoe mezani. Weka kijiko chini. Kaa naye ule.

Usinikasirikie. Fundi saa anakusalimu, na usiniulize zaidi ya hapo.

Ukoko wako

*

Tarehe 28 Juni

Mke wangu mdogo,

Salamu. Nilikukasirikia. Nilikukasirikia siku kadhaa, nikasema mtoto wa juzi ananifundisha mke niliyemwoa kabla baba yake hajaota ndevu. Nilimwambia hivyo fundi cherehani. Yeye akauliza kama barua ilikuwa na uongo wowote. Nikaenda kutia mafuta bawaba za ule mlango.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilimbeba mpaka barazani, siku hizi ni mwepesi, nikamketisha kwenye kiti chake, mlango wa mbele wazi. Nikaweka chakula mbele yake, nikakaa kula. Akatazama sahani yake, mkono wa kushoto kaufukia chini ya khanga, machozi yakaanza kumtoka jicho moja. Nikamrudisha ndani. Sikula na mimi.

Kesho yake nilipika wali na mchuzi wa samaki. Nikamtoa tena. Safari hii nilileta maji ya kunawa, nikaosha mkono wangu wa kushoto, mbele yake, taratibu, mpaka kwenye kucha. Wa kulia nikaukalia. Nikaanza kula.

Mjukuu wangu, mkono wa kushoto ni mjinga. Umeishi na mimi maisha yote lakini njia ya kinywani hauijui. Tonge la kwanza liliishia shingoni. La pili likaingia ndevuni na samaki wake. Bibi yako alikuwa ananitazama. Nikaendelea kama mtu asiye na habari.

Wakati huo fundi cherehani akapita, akaona mlango wazi, akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama Bibi, akatazama wali uliotapakaa kifuani kwangu.

"Mzee," akasema, "mkono wako wa kulia una nini?"

"Umepumzika," nikamwambia. "Karibu."

Alivua viatu, akanawa wa kushoto, akaketi. Yeye ni hodari wa sindano, kwenye wali si hodari hata kidogo. Tonge lake lilianguka kwenye bakuli la mchuzi, mchuzi ukamrukia usoni. Hapo nikasikia sauti. Nilidhani Bibi yako amepaliwa, nikageuka. Alikuwa anacheka. Upande mmoja wa uso ndio uliocheka, lakini ulicheka kwa niaba ya pande zote mbili, mpaka mabega yakatikisika.

Halafu akautoa mkono kwenye khanga. Nilimnawisha. Akaupeleka kwenye sahani polepole, akafinya tonge dogo, akalifikisha kinywani bila kuangusha hata punje. Ametushinda sote. Akatafuna. Tukamngojea, mimi na fundi. Akameza, akanitazama, na tangu mwezi wa kwanza hilo ndilo neno lake la kwanza lililotoka zima.

"Haujaiva."

Nililia, Ukoko. Nililia na wali ndevuni. Fundi cherehani alidhani nimekasirika, akaanza kunitetea kwamba kidole kile cha kupimia kilikuwa chake.

Alikula nusu sahani ya huo wali usioiva. Jana alikula zaidi, na mke wa muuza mkaa alikuwepo. Leo wamekuja watatu. Wote wamenawa kushoto, sikuwaambia kitu, nadhani fundi kawatangazia.

Babu yako

*

Tarehe 10 Julai

Babu na Bibi,

Shikamooni. Barua nimewasomea watu wa ukumbini Jumapili. Nilipofika kwenye "haujaiva" sikuweza kuendelea, fundi saa akaichukua akamalizia.

Likizo imekubaliwa. Nafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Siji peke yangu. Babu, nyundo iweke mbali, umsikilize kwanza. Ni mpole, anaongea kidogo, na ameniomba nimfundishe kusalimia wakubwa wa nyumba yetu bila kutetemeka. Nimemwambia cha kufanya ni kula na kuongeza, hilo tayari analiweza.

Mjukuu wenu

*

Tarehe 30 Agosti

Mke wangu mdogo, ambaye naona nimeshanyang'anywa,

Natumaini mlifika salama na kwamba hoteli haijafungwa kwa ukosefu wa mashuka safi. Nyumba ilipoa mlipoondoka. Bibi yako alikaa dirishani siku nzima, akaniambia, "Kimya." Nikamwambia mimi nimezoea.

Yule wako nilimpima. Nilimpa kazi ya kunishikia mabomba nilipokuwa nachomelea ile reli ya ukutani ya Bibi yako kushikilia akitembea, nikijua mtu wa saa atakimbia cheche. Hakukimbia. Tena aliona kwa jicho tu kwamba bomba la pili limeinama, akasema kwa adabu, nami nikajifanya nilikuwa nataka kulirekebisha. Nyundo nimeirudisha kabatini.

Sasa habari ya leo. Nilikuwa jikoni na mchuzi, mlango wazi, majirani wameanza kukaa barazani. Nikahisi sakafu inatikisika kidogo kidogo. Nikageuka. Bibi yako amesimama mlangoni pa jiko. Ametoka kitandani peke yake, ameshika ile reli kwa mkono wa kushoto, hatua moja, anapumzika, hatua moja, mpaka hapo. Jasho linamtoka. Nikakimbia kumshika, akanitolea jicho nikasimama.

Akafika kwenye jiko, akaegemea meza. Akachukua mwiko, akaonja mchuzi wangu. Akafumba macho, muda mrefu, nikaanza kuogopa. Akachukua chumvi, akatia. Akasogeza sufuria, akapunguza moto. Halafu akanyoosha ule mwiko kuelekea mlangoni.

"Toka," akasema.

Nikamwambia, mama, utachoka, na kazi hii sasa naijua.

"Toka. Kaa na watu."

Ndiyo hivyo nimefukuzwa. Nakuandikia nikiwa barazani, karatasi juu ya goti, katikati ya fundi cherehani na mke wa muuza mkaa, ambao wanasoma kila ninachoandika na kunisahihisha. Harufu inatoka ndani, na si harufu ya mchuzi niliouacha. Fundi cherehani ameshanawa.

Wacha niishie hapa, anatuita.

Babu yako